Utafiti wa nchi 6 na kaya zenu 300

SWALI: "Naongoza asasi ndogo inayosaidia kaya maskini. Mfadhili ametuletea utafiti uliofanyika katika nchi 6. Unaonyesha kwamba ukiwapa watu maskini kabisa mifugo, posho ya muda, mafunzo na mtu wa kuwatembelea mara kwa mara, maisha yao yanabadilika na hayarudi nyuma. Anataka tufanye hivyo hivyo kwa kaya 300, kwa miaka 2. Kamati yetu imegawanyika. Mjumbe mmoja anasema hayo ni ya kwao, hapa hayatuhusu. Mwingine anasema sayansi imeshaamua, kazi yetu ni kutekeleza tu. Mimi sijui nisimame wapi. Nitajuaje kama kilichofaulu kule kitafaulu na kwetu? Na mradi ukishindwa, nitajuaje kwamba umeshindwa?"

JIBU: Ndugu, tangu nianze kukaa na watu wa miradi nimeulizwa mara nyingi namna ya kuonyesha kwamba mradi umefaulu. Namna ya kujua kwamba umeshindwa wameniuliza wachache mno, ndiyo maana swali lako nimelisoma mara mbili.

Kama nimekuelewa, hofu yako ni mbili. Ya kwanza ni kuzichukulia kaya 300 miaka 2 ya maisha yao kwa jambo lisilofaa. Ya pili ni kufanya hivyo bila hata kugundua. Wajumbe wako wote wawili wamekosea, lakini kosa la yule wa pili linanitia wasiwasi zaidi kwa sababu limevaa joho la usomi, na mtu aliyevaa joho habishiwi kikaoni.

Tuanze na utafiti wenyewe. Kwa maelezo yako ni ule uliotoka mwaka 2015 katika jarida la Science, ukijumlisha matokeo ya Ethiopia, Ghana, Honduras, India, Pakistan na Peru, wenye washiriki 10,495. Mpango unaoelezwa humo ulianzia Bangladesh mwaka 2002, kwa shirika la BRAC, baada ya kuonekana kwamba mikopo midogo midogo iliwapita maskini wa chini kabisa. Mtu asiye na kitu hakopeshwi, na akikopeshwa anaogopa kuchukua. Watafiti walitafuta kaya maskini, kisha kura ikaamua nani aingie kwenye mpango na nani abaki nje. Mwaka 1 baada ya msaada kukoma walirudi wakapima. Walioingia walikuwa na mali zaidi, akiba zaidi na uhakika zaidi wa chakula, na matumizi ya kaya yao yalikuwa juu ya wenzao kwa takriban asilimia 5.

Hiyo 5 ndiyo watu wengi huisoma haraka haraka. Mfadhili anasema maisha yanabadilika, lakini namba inasema pale kaya isiyoingia inapotumia 100, iliyoingia inatumia 105. Kwa mtu aliyekuwa akilala na njaa hiyo si kitu cha kudharau. Wala si kutoka kwenye umaskini. Ukiwaahidi watu wako kwamba baada ya miaka 2 watakuwa wameaga ufukara, utakuwa umeahidi kitu ambacho utafiti wenyewe haukuahidi.

Isitoshe, 5 ni wastani, na wastani huchanganya waliopata sana na waliopoteza. Honduras imo kwenye wastani huo. Kule kaya nyingi zilichagua kuku, kuku wakapata ugonjwa wakafa, na gharama ikazidi faida. Ndani ya nchi 6 "zilizofaulu" imo 1 ambayo ungeona aibu kuiiga. Si kwamba watafiti walificha, jambo hilo lipo wazi kwenye maandishi yao. Linapotea pale utafiti unapofupishwa kuwa ukurasa 1 wa mfadhili, halafu ukurasa unafupishwa kuwa sentensi 1 ya kikao.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Badala ya kuangalia matokeo yakielea, chungulia yalivyoundwa: kwa nini ng'ombe au mbuzi amsaidie mtu maskini zaidi ya thamani yake sokoni?

Jibu bora ninalolijua limetoka Bangladesh. Watafiti waliwafuatilia wanawake maskini wa vijijini katika utafiti uliohusu zaidi ya kaya 21,000. Wengi walikuwa vibarua wa mashambani au watumishi wa majumbani. Kibarua kina msimu. Kazi ikiisha shambani mtu anakaa, na si kwa uvivu. Ufugaji ulikuwapo palepale kijijini, kazi yake ni ya mwaka mzima, na saa 1 ya kufuga ililipa kuliko saa 1 ya kibarua. Kilichowazuia kufuga ni bei ya mnyama. Walipopewa ng'ombe walifanya kazi saa nyingi zaidi kwa mwaka, na muda mwingi wakauhamishia kwenye mifugo. Kwa hiyo zawadi ilifanya kazi moja mahususi: ilifungua mlango ambao kufuli lake lilikuwa mtaji.

Uchambuzi wa baadaye wa kaya hizohizo ulionyesha kitu ambacho kila kamati ingepaswa kukijua kabla ya kugawa chochote. Kulikuwa na kizingiti. Waliofika juu ya kiwango fulani cha mali baada ya kupewa ng'ombe waliendelea kupanda wenyewe mwaka hadi mwaka. Waliobaki chini yake waliteleza taratibu, wakarudi karibu na walipoanzia. Msaada ulikuwa uleule. Tofauti ilikuwa ni mtu alisimama wapi alipoupokea.

Nalitaja hili kwa sababu najua kitakachotokea kwenye kikao chenu. Bajeti ikionekana kubwa, mtu mwenye huruma atasimama aseme tupunguze kwa kila kaya ili wengi wapate. Itaonekana ni haki, na makofi yatapigwa. Lakini kama kizingiti kipo, kukata katikati kifurushi cha mnyama, posho, mafunzo na ziara hakuleti nusu ya faida. Kunaweza kusilete chochote. Ghana walijaribu kutoa mbuzi peke yake bila mambo mengine ya mpango, na manufaa ya kudumu yaliyopatikana kwenye kifurushi kizima hayakuonekana. Ikibidi kuchagua, ningewapa kaya 150 kifurushi kizima kuliko kuwapa 300 vipande.

Sasa swali la "kule na hapa". Mjumbe wako wa kwanza anadhani mpaka wa nchi ndio unaoamua. Atazame India. Jimboni West Bengal mpango huu ulifanya vizuri mno. Watafiti walirudi baada ya miaka 10 na bado walioingia walikuwa mbele ya wasioingia. Katika jimbo la Andhra Pradesh, nchi hiyohiyo, mpango wa aina hiyohiyo ulipimwa kwa kura na kwa jumla haukuonyesha faida. Wanyama walitolewa, mafunzo yalitolewa, kipato cha mifugo kilipanda kweli. Lakini huko kibarua kilikuwa kinapatikana na malipo yake yalikuwa yakipanda. Aliyepewa mnyama aliacha sehemu ya kibarua ili afuge. Akapata mkono huu, akapoteza mkono ule. Wengi waliishia kuwauza wanyama. Wenzao wasiopewa kitu waliendelea na vibarua vyao na hali yao ikapanda vilevile.

Kwa hiyo usiulize kama kwenu kunafanana na India. Uliza hivi: walengwa wetu wana saa ambazo hazina kazi? Ipo kazi hapahapa inayolipa zaidi ambayo hawaifanyi kwa kukosa mtaji tu? Mazao ya mnyama huyo yana mnunuzi, na atakuwapo hata watu 300 wakianza kuuza kwa pamoja? Ukipata "ndiyo" kwa yote, mlango upo na utafiti wa watu wengine una mengi ya kukufundisha. Ukipata "hapana" kwa swali la kwanza, mko karibu na Andhra Pradesh, hata kama kila kitu kingine kinafanana na West Bengal.

Kuna tabaka jingine, la nani ana sauti ndani ya nyumba. Mpango wa lishe wa jimbo la Tamil Nadu, India, ulioanza mwaka 1980, ulisifiwa kwa kupunguza utapiamlo wa watoto. Njia yake kuu ilikuwa kuwaelimisha mama na kutoa chakula cha nyongeza. Bangladesh waliuiga miaka ya 1990 na matokeo yakawa hafifu. Moja ya sababu zilizotajwa ni kwamba sehemu nyingi za huko manunuzi ya chakula yalifanywa na wanaume, na jiko lilikuwa chini ya mama mkwe. Mama wa mtoto alielimika vizuri sana, ila hakuwa na uamuzi wa nani ale nini. Kwenu, mnyama ataandikwa jina la nani, na siku ya kumuuza atauzwa na nani? Msiulize hili kwenye mkutano wa hadhara, kwa sababu mkutanoni kila mtu atasema wanashauriana.

La tatu ni ninyi wenyewe. Nchini Kenya walimu wa mkataba walijaribiwa shuleni kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Pale shirika lisilo la kiserikali liliposimamia, alama za wanafunzi zilipanda. Pale serikali iliposimamia mpango uleule hazikupanda. Utafiti wa nchi 6 haukupima mifugo peke yake. Ulipima mifugo pamoja na wafanyakazi waliokwenda kumtembelea kila mlengwa mara kwa mara, mwaka mzima na zaidi. Sehemu kubwa ya gharama ilikuwa kwenye hao wafanyakazi. Kama bajeti ya mfadhili inatosha wanyama 300 na ofisa 1 mwenye pikipiki isiyo na mafuta, huo ni mradi mwingine uliovaa jina la ule wa kwanza.

Niingie kwenye swali lako la pili, ambalo kwangu ndilo zito.

Mwanzoni mwa kazi yangu niliandika ripoti ya kusifia mradi mmoja wa mifugo. Tulipima kipato kabla, tukapima baada, kikawa kimepanda kwa kila kaya tuliyoitembelea. Miezi michache baadaye nilipita eneo la jirani ambako mradi haukufika na nikakuta kipato kimepanda vilevile. Mvua zilikuwa nzuri tu. Ripoti ilikuwa imeshachapishwa kwenye karatasi ya kung'aa.

Hiyo ni nusu ya tatizo la kupima kabla na baada. Nusu nyingine ni ya hila zaidi. Ninyi mnawachagua watu wakiwa kwenye hali mbaya kabisa. Miongoni mwao wapo walio maskini siku zote, na wapo walioangukiwa na mwaka mbaya: ugonjwa, msiba, mavuno yaliyokufa. Hawa wa pili wengi wao wangeinuka kiasi hata msingewagusa. Ukiwapima baada ya miaka 2 utaona wameinuka na utajipongeza kwa kazi iliyofanywa na muda. Kadiri mnavyochagua kwa kuangalia hali ya siku ile, ndivyo udanganyifu huu unavyokuwa mkubwa.

Dawa yake ni kuwa na watu wa kulinganisha nao, waliofanana na walengwa wenu tangu mwanzo. Najua neno "kura" litawakera baadhi ya wajumbe, watasema huwezi kucheza bahati nasibu na maskini. Lakini fikiri: mna nafasi 300, na pengine mtapata kaya 600 zinazostahili. Si wote watakaopata, kwa njia yoyote ile. Kura ya wazi, inayochezeshwa mbele ya watu, haina undugu wala chuki. Wapo niliowaona wakikosa kwa kura wakakubali, na wapo niliowaona wakikosa kwa "uamuzi wa kamati" wakaacha kusalimiana kwa miaka. Kama hamwezi kuwaacha wengine nje kabisa, wapangeni kwa awamu. Mexico ilifanya hivyo mwaka 1997 ilipoanza Progresa, mpango wa kuzipa familia maskini fedha. Katika vijiji 506 vya utafiti, 320 vilianza na 186 vilisubiri, na kipindi hicho cha kusubiri ndicho kilichowapa watafiti ulinganisho.

Hapa lazima nikuambie jambo ambalo mfadhili huenda asilipende. Kwa kaya zenu, hata zikilinganishwa vizuri na nyingine 300, hamtaweza kuona tofauti ya asilimia 5 kwenye matumizi. Itamezwa na tofauti za kawaida kati ya kaya na kaya, na kati ya mwezi na mwezi. Kuiona kwa uhakika kunahitaji kaya elfu kadhaa. Mkiahidi kuipima, mtatoa namba ambayo ni bahati tu, ikipanda mtashangilia, ikishuka mtaifukia. Pimeni vitu vinavyosogea kwa wingi na vinavyoonekana kwa macho: mnyama yupo au hayupo baada ya miezi 12, kazaa au kafa, kaya ina akiba au haina, mtu anafanya kazi saa ngapi kwa wiki kipindi cha uhaba wa kazi. Na uangalieni mnyororo wa kutoka mnyama hadi saa za kazi hadi pesa, kiungo kwa kiungo. Kama wanyama wapo ila saa za kazi hazijabadilika, mlango haukufunguka. Kama saa zimebadilika ila pesa haionekani, angalia soko, kisha angalia ni nani ndani ya nyumba anayeipokea.

Andikeni mapema, kabla ya mnyama wa kwanza kununuliwa, ni matokeo gani yatawafanya mseme mmeshindwa. Hili si la kinadharia. Bangladesh kulikuwa na mpango wa kuwapa watu wa eneo la Rangpur nauli ya kwenda kutafuta kazi mjini katika miezi ya njaa kabla ya mavuno. Jaribio la mwaka 2008 lilifanya vizuri mno. Mpango ulipopanuliwa na kupimwa tena mwaka 2017, haukuonyesha faida iliyotarajiwa, na mwaka 2019 shirika lililouendesha, Evidence Action, likaufunga na kusema hadharani kwa nini. Waliweza kwa sababu walikuwa wanaendelea kupima hata baada ya sifa kuja.

Je, mna njia nyingine zaidi ya kifurushi? Mnayo, nayo ni kutoa fedha taslimu na kuondoka njiani. Katika kaunti ya Siaya, Kenya, utafiti wa vijiji 653 ulitoa takriban dola 1,000 kwa kila kaya iliyochaguliwa. Waliopokea walinufaika, na hata majirani wasiopokea waliona biashara ikichangamka, huku bei zikipanda kidogo mno. Fedha haifi kideri na haihitaji ofisa wa kuitembelea. Upande wa pili, athari zake za muda mrefu hutofautiana sana kati ya utafiti na utafiti, na fedha kidogo kidogo za kila mwezi mara nyingi huishia kwenye mahitaji ya mwezi, jambo ambalo si kosa, ila halivushi mtu kizingiti. Mimi binafsi, kwa asasi ndogo isiyo na wafanyakazi wa kutosha, ningeipa fedha ya mkupuo nafasi ya kwanza na kifurushi nafasi ya pili. Kwa asasi yenye watu wazuri mashinani ningegeuza.

Kuna mambo ambayo mimi kwa maandishi siwezi kuwasaidia. Kabla ya kuagiza wanyama, mleteni daktari wa mifugo wa eneo lenu aone aina, chanjo na malisho. Honduras ingeokoa mengi. Kabla ya kura, kaeni siku 1 na mtakwimu wa chuo kikuu kilicho karibu. Wengi hufurahi kuwapa wanafunzi wao kazi halisi, na huyo ndiye atakayewaongoza kwenye kibali cha maadili ya utafiti mkitaka kukusanya taarifa za watu na kuzichapisha. Na kama katika ziara mtasikia kwamba mali mpya imeleta kipigo au vitisho kwa mwanamke aliyeandikishwa, msiandike tu kwenye fomu. Simamisheni ziara kwa kaya hiyo mpaka mpate njia salama ya kuzungumza naye peke yake, na mhusisheni ofisa ustawi wa jamii siku hiyohiyo.

Kabla ya kusaini, mwandikie mfadhili barua fupi. Muulize kama yupo tayari kulipia wafanyakazi wa ziara na si wanyama peke yake, kama atakubali kaya 150 zenye kifurushi kizima, na atafanya nini ripoti ikisema haikufaa. Jibu lake la swali la tatu litakuambia mengi kuliko utafiti aliowaletea.

Na yule mjumbe anayesema hapa hayatuhusu, usimnyamazishe. Mpe kalamu aandike ukurasa mmoja: mnyama akifika kwenye kaya ya hapa, ni kiungo gani kitakatika kwanza, na kwa nini. Akimaliza, mpe yule mwenzake ajibu.